Kamera ya biti 14 haimaanishi itaona gizani zaidi

Jua la mchana limewaka Mwakitolyo au Rwamgasa, na mchimbaji anachomoza kwenye mdomo wa duara. Macho yako yanauona uso wake wenye vumbi na mawingu nyuma yake kwa pamoja. Kamera mara nyingi inashindwa: ama anga linakuwa jeupe tupu, ama uso unakuwa mweusi.

Umbali kati ya mwanga mkali kabisa na giza la mwisho ambavyo kamera inaweza kuvinasa katika picha moja ndio upana wa mwanga. Hupimwa kwa stopu, na kila stopu moja ni mwanga mara mbili.

Biti ni jambo jingine. Kihisi cha kamera hugeuza mwanga kuwa umeme, kisha umeme hugeuzwa kuwa namba. Biti 8 hutoa viwango 256, biti 12 viwango 4,096, na biti 14 viwango 16,384.

Fikiria ngazi ya kushukia duarani. Upana wa mwanga ni urefu wa ngazi. Biti ni idadi ya vidato. Kuongeza vidato hakurefushi ngazi.

Urefu huo huamuliwa na kihisi chenyewe: kila nukta inabeba mwanga kiasi gani kabla ya kufurika, na chenga ni nyingi kiasi gani gizani. Chukua nukta inayobeba elektroni 32,000 yenye chenga za elektroni 4. Gawanya, unapata 8,000, yaani karibu stopu 13. Katika faili ghafi, biti 12 zitaibana, biti 14 zinatosha. Ukiweka biti 16, utakuwa unazihesabu chenga tu kwa umakini zaidi.

Je, biti hazina faida? Zinayo. JPEG ina biti 8 tu. Ukijaribu kuung'arisha uso uliofichwa na kivuli, ngozi inatokea mabakamabaka. Faili ghafi inavumilia. Kwa hiyo piga picha kwa faili ghafi, linda anga lisiungue, kisha ung'arishe kivuli baadaye. Sehemu iliyoungua hairudi.

Kabla ya kutoa fedha zako dukani Kahama au Geita, usiishie kuuliza biti. Uliza stopu ngapi, na kwa ISO ipi, maana ISO ikipanda, stopu hupungua.