"Heavy" na jamaa zake

Katika mtihani wa B2 First wa Cambridge, karatasi ya kusoma na matumizi ya lugha huanza na mapengo 8, kila pengo na majibu 4 ya kuchagua. Mara nyingi majibu hayo yanakaribiana maana, na aliyekariri orodha ndefu ya maneno hukwama hapo hapo.

Chukua "heavy". Wengi hulijua tangu shule ya msingi: zito. Lakini Waingereza huliweka kwenye mvua kubwa, kwenye msongamano wa magari, hata kwa mtu anayevuta sigara kupita kiasi. Upepo mkali haumo. Huo ni "strong", sawa na chai iliyokolea majani.

Msemaji wa Kiswahili ana mtaji mzuri hapa. Hupiga simu, hupiga pasi, hupiga picha, hupiga mswaki, na hakuna aliyemkaririsha orodha ya kupiga. Aliyasikia maneno hayo yakiwa pamoja.

Daftari lake la msamiati lifuate njia hiyo: "heavy rain" mstari wake, "heavy traffic" mstari wake, na chini ya kila mmoja sentensi aliyoitunga mwenyewe.