Shabaha na Nidhamu: Jeshi la Uingereza na Elimu ya Kulenga, 1899–1914

1. Utangulizi

Neno shabaha, lenye asili ya Kiarabu, lina maana mbili katika Kiswahili: kitu kinacholengwa, na kusudio la mtu. Mara nyingi husemwa kwamba mlenga shabaha hodari amezaliwa hivyo. Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha, kwa mfano mmoja wa historia, kwamba umahiri huo ni tunda la mafunzo, na kwamba hupotea pindi walio nao wanapotoweka.

2. Fundisho la Afrika Kusini

Mwezi wa Desemba 1899, katika muda wa juma moja, majeshi ya Uingereza yalishindwa na Makaburu mara tatu: Stormberg tarehe 10, Magersfontein tarehe 11 na Colenso tarehe 15. Makaburu, wengi wao wakulima waliozoea kuwinda, walikuwa na bunduki za Mauser zenye baruti isiyotoa moshi. Walijificha mahandakini na nyuma ya mawe, kila mmoja akikadiria umbali mwenyewe. Askari wa Uingereza walikuwa wamezoea kufyatua kwa pamoja, kwa amri ya ofisa, wakilenga mbao zilizosimamishwa kwa umbali uliojulikana. Isitoshe, baadhi ya bunduki zao za Lee-Enfield zilikuwa na alama za kulengea zilizokaa kombo, hata risasi zikaenda kulia. Jicho jema haliwezi kusahihisha chombo kibovu ambacho hakijapimwa.

3. Mageuzi ya Hythe

Baada ya vita kwisha mwaka 1902, mageuzi yalishika kasi katika shule ya bunduki ya Hythe, katika jimbo la Kent, iliyoanzishwa mwaka 1853. Norman McMahon, mkufunzi mkuu kuanzia 1905, aliomba kila kikosi kiongezewe bombomu. Ombi hilo lilikataliwa kwa sababu ya gharama. Vikosi vikabaki na bombomu mbili mbili. Ndipo juhudi zote zikaelekezwa kwa askari mwenye bunduki.

Mafunzo yalianza bila risasi. Bunduki iliwekwa juu ya mfuko wa mchanga, na mwanafunzi alilenga mara tatu huku mwalimu akitia alama mahali alipolenga. Alama hizo tatu zilifanya pembetatu: ikiwa ndogo, jicho lilikuwa thabiti, ikiwa kubwa, mwanafunzi alirudia. Kisha alifundishwa kulala vizuri, kuegemeza viwiko, kukaza kitako cha bunduki begani, kuzuia pumzi kidogo, na kubana kifyatulio polepole bila kukivuta kwa ghafula. Yaliyokuwa mazoezi ya pole yakawa mwishoni mazoezi ya haraka: risasi 15 katika dakika moja, kwa umbali wa mita 270 hivi. Aliyefuzu kwa daraja la juu aliongezewa malipo; hivyo nidhamu ilisaidiwa na mfuko.

4. Mons na baadaye

Tarehe 23 Agosti 1914, huko Mons nchini Ubelgiji, elimu hiyo ilijaribiwa. Masimulizi ya Kiingereza yalidai kwamba Wajerumani walidhani wanapigwa na bombomu nyingi. Wanahistoria wa karibuni, miongoni mwao Terence Zuber katika kitabu chake cha 2010, wamelitilia shaka dai hilo baada ya kusoma kumbukumbu za vikosi vya Kijerumani. Hata tukipunguza chumvi ya masimulizi, lisilokanushika ni kwamba jeshi dogo lilifyatua kwa wepesi usio wa kawaida.

Lakini vita havikumheshimu fundi. McMahon mwenyewe aliuawa karibu na Ypres tarehe 11 Novemba 1914. Kufikia mwisho wa mwaka, Uingereza ilikuwa imepoteza takribani watu 90,000, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Waliokuja kujaza nafasi zao walifunzwa kwa miezi michache kile ambacho wenzao walikuwa wamejifunza kwa miaka.

5. Hitimisho

Bunduki zilibaki zile zile, na vitabu vya kanuni vilibaki rafuni. Kilichopungua ni watu walioyageuza maandishi kuwa mazoea ya mwili. Taasisi yoyote inayofundisha, hata isiyogusa silaha, ina haja ya kulitafakari jambo hilo. Elimu hukaa ndani ya watu, na chuo kinachopoteza walimu wake hakiwezi kuwafidia kwa maktaba peke yake.