Kuvu ya kandida si ushahidi wa uzinzi

Wapendwa, katika ushauri wa ndoa tunakutana na jambo ambalo halisemwi mimbarini. Mama anawashwa sehemu za siri na kutokwa na uchafu mweupe mzito. Mume anaamua kwamba mke ameleta ugonjwa kutoka nje. Mama ananyamaza kwa haya, ananunua vidonge sokoni, na hali inazidi. Mara nyingi chanzo ni kuvu iitwayo kandida.

Kandida ni kiumbe kidogo sana, jamaa ya hamira. Huishi kinywani, tumboni na ukeni mwa watu wengi bila kuwadhuru, kwa sababu bakteria wazuri na kinga ya mwili huizuia. Huongezeka wakati wa mimba, kwa mwenye kisukari kisichotulizwa, kwa mwenye kinga dhaifu, na baada ya kumeza antibiotiki, maana dawa hizo huua pia bakteria wanaolinda uke. Kwa hiyo amoksisilini ya kujinunulia huweza kuchochea tatizo lile lile ambalo mama alitaka kuliponya. Limau, chumvi na sabuni kali ndani ya uke navyo huumiza tu. Inakadiriwa kwamba wanawake 3 kati ya 4 huipata kandida angalau mara moja maishani. Haihesabiwi kati ya magonjwa ya zinaa. Hata bikira huweza kuipata.

Lakini kukisia kwa macho hakutoshi, na sisi wachungaji si wapimaji. Kandida huleta muwasho, wekundu, maumivu wakati wa kukojoa, na uchafu kama maziwa yaliyoganda, kwa kawaida bila harufu mbaya. Harufu ya samaki, au uchafu wa kijani wenye povu, huelekeza kwenye ugonjwa mwingine wenye dawa nyingine. Kwenye kituo cha afya, muuguzi huchukua ute kidogo kwa kijiti chenye pamba, nao hutazamwa kwa darubini. Kuvu huonekana kama chembe zinazochipuka au nyuzi nyembamba. Kipimo kikionyesha trikomonasi, huo ni ugonjwa wa zinaa, na wote wawili watibiwe pamoja. Kikionyesha kandida, mume asiye na dalili hahitaji dawa.

Matibabu ni mepesi. Kidonge cha klotrimazoli cha miligramu 500 huingizwa ukeni mara moja usiku, au flukonazoli ya miligramu 150 humezwa mara moja. Mama mjamzito asimeze flukonazoli. Yeye hupewa dawa ya kuweka ukeni kwa siku 7.

Watoto wachanga nao hupata utando mweupe ulimini usiotoka ukipanguswa, tofauti na maziwa. Hutibiwa kwa matone ya nistatini, na chuchu za mama hutazamwa pia, maana wanaweza kuambukizana wakati wa kunyonya. Tumesikia bibi wakiukwangua utando huo kwa kitambaa chenye chumvi. Mtoto huishia na kidonda na kukataa kunyonya.

Kwa mtu mzima jambo ni zito zaidi. Utando mweupe kinywani, hasa pamoja na maumivu ya kumeza, ni sababu ya kupima virusi vya Sida bila kuchelewa. Na mama ambaye kandida inamrudia mara 4 au zaidi kwa mwaka aombe apimwe sukari pamoja na virusi hivyo, na mume wake amsindikize.