Rupia za Mjerumani na mashimo ya mabomani

Maboma mengi ya Mjerumani yamezungukwa na mashimo. Yapo ya zamani yaliyokwisha kuota nyasi, na yapo mabichi ambayo udongo wake haujanyeshewa: chini ya mwembe, kando ya ngazi, pale iliposimama nguzo ya bendera. Waliochimba hawakujuana, ila walisimuliwa hadithi moja. Kwamba Mjerumani alipokimbia vita hakuweza kubeba mali yake, akaizika usiku, akaacha alama: msalaba kwenye jiwe, msumari kwenye shina la mti, mshale ukutani. Kwamba wajukuu zake wana ramani. Mzungu akisimama kupiga picha ukuta wa boma, tayari keshakuwa mjukuu.

Nimekua na hadithi hiyo na siidharau. Kuna kitu Mjerumani alikizika kweli, tena Tabora, na nitakifikia. Lakini kwanza tuzungumzie chombo kilichoongeza mashimo hayo.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Chunya wanakiita detekta. Ni fimbo yenye sahani chini na spika juu. Ndani ya sahani mna koili inayopeleka nguvu ya sumaku ardhini. Ikikuta metali, metali ile hupata mkondo mdogo wa umeme, nao huzaa sumaku yake. Koili husikia jibu hilo na mtafutaji husikia mlio. Chombo hiki hakikubuniwa kwa ajili ya hazina. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, yule wa simu, alikitumia kutafuta risasi mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani aliyekuwa amepigwa. Chuma cha springi za kitanda kiliharibu kipimo, risasi haikuonekana, na rais akafariki mwezi Septemba. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Józef Kosacki, ofisa wa Poland aliyekuwa uhamishoni Uskoti, alitengeneza kifaa cha kubebwa mkononi cha kutafutia mabomu ya kutegwa ardhini, na mwaka 1942 jeshi la Uingereza lilikitumia kufungua njia jangwani El Alamein. Baada ya vita watu wa kawaida wakavirithi vifaa vya aina hiyo, na kutafuta sarafu kukawa kazi ya mapumziko ya wikendi kwa maelfu ya watu Ulaya na Marekani.

Kuzunguka boma, detekta ina shida ileile iliyomshinda Bell. Ardhi ya pale imejaa chuma: misumari ya mabati, vipande vya vyuma vya kwato za punda, waya, makopo, na juu yake visoda vya miaka sitini. Udongo wetu mwekundu wenyewe una madini ya chuma, na mashine iliyorekebishwa vibaya hulia hata pasipo na kitu. Mtafutaji aliyechoka huiamuru mashine ipuuze chuma. Hapo ndipo anapopoteza, kwa sababu sarafu ya fedha iliyolala ubavuni mwa msumari hunyamaza pamoja na msumari wake. Sarafu iliyosimama wima nayo hutoa mlio hafifu kuliko iliyolala chali. Ndiyo maana mahali palipopitiwa na watu mia bado panaweza kuwa na sarafu. Wazoefu wa kazi hii hupunguza mwendo, huchukua sahani ndogo inayoingia kati ya takataka, hulipitia eneo kwa upande mwingine, tena baada ya mvua.

Mfano mkubwa wa subira hiyo uko kisiwani Jersey, kati ya Uingereza na Ufaransa. Watafutaji wawili, Reg Mead na Richard Miles, walisikia kwamba zamani katika shamba fulani ziliokotwa sarafu za fedha. Walilirudia eneo hilo kwa takriban miaka 30. Mwaka 2012 mashine ikalia, na kwenye kina cha kama mita moja likakutwa bonge la karibu sarafu 70,000 za Wakelti, lenye uzito wa robo tatu ya tani. Nataka msomaji azingatie walichofanya baada ya hapo: waliacha kuchimba, wakaita wataalamu. Bonge likanyanyuliwa zima kwa winchi, likapelekwa makumbusho, na kutenganisha sarafu moja moja kukaendelea hadi 2017. Ndani yake zikatoka pia shanga za kioo na mikufu ya dhahabu, ambayo sururu ingeisaga.

Lakini wale wa Jersey walianza na habari ya sarafu zilizokwisha kuonekana. Wetu wanaanza na uvumi. Basi tuulize swali ambalo mwenye sururu haulizi: Mjerumani alikuwa na fedha gani, na alipoondoka alikuwa amebaki na nini?

Fedha ilianza kama biashara ya kampuni. Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipata haki ya kutoa sarafu, ikaleta rupia ya fedha na pesa ya shaba. Rupia ilifuata uzito wa rupia ya India ambayo pwani nzima ilikwisha kuizoea: gramu 11.66, na karibu sehemu 92 katika 100 ni fedha halisi. Upande mmoja yupo Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye tai juu. Upande wa pili, simba na mti. Pesa ndiyo niipendayo zaidi. Upande mmoja ina tai wa Ujerumani, na wa pili ina maandishi ya Kiarabu yanayolitaja shirika la Kijerumani, pamoja na mwaka wa Hijria, 1307. Kampuni ilijua wateja wake wanasoma nini. Pesa 64 zilifanya rupia moja.

Mwaka 1904 serikali ikashika sarafu mkononi mwake, ikaifuta pesa na kuleta heller, mia kwa rupia. Pesa ilifutwa mfukoni ikabaki mdomoni, na heller ikageuka hela. Leo mtu wa Sumbawanga akisema hana hela wala pesa, ametaja sarafu mbili za enzi ileile bila kujua. Baadaye zikaja heller zenye tundu katikati, zinazotungika kwenye kamba.

Sarafu hizo ziliingia vijijini kwa nguvu. Kuanzia 1898 kila nyumba ilidaiwa kodi, na mwenye kudaiwa aliitafuta rupia kwenye mashamba ya mkonge, kwenye misafara, kwenye ujenzi wa reli iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Rupia ilipotoka kwa mlipa kodi ilirudi kuwa mshahara, ikazunguka. Nyingine ilitobolewa ikavaliwa shingoni. Nyingine sonara aliiyeyusha akafua bangili.

Kisha vita. Kuanzia 1914 manowari za Waingereza zilifunga pwani, na meli chache mno zilipenya. Sarafu za kutoka Berlin na Hamburg zikakoma kuja. Serikali ikaanza kuchapa noti humuhumu nchini, na kufikia 1917, askari wakiwa njiani porini, noti nyingine zilipigwa kwa herufi za mpira kama mihuri ya ofisini. Noti hizo ukiziona leo unaweza kudhani ni mchezo wa watoto.

Katikati ya dhiki hiyo ndipo Tabora ilipogeuka kiwanda cha fedha. Makao ya serikali yalikuwa yamehamia huko, na kwenye karakana ya reli mafundi wakaanza kupiga sarafu zenye herufi T. Zilitoka za heller tano na ishirini, za shaba na za shaba ya njano, kwa malighafi iliyookotezwa, ikiwemo maganda ya risasi na makombora. Na kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Iramba, ikatoka sarafu ya rupia 15: tembo ameinua mkonga, nyuma yake milima. Zilipigwa kama 16,000 tu. Kila moja ina gramu 7 na kidogo, na robo tatu yake ni dhahabu. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora, na kazi ikawa imekwisha.

Sasa nirudi kwenye mashimo. Ukizidisha hesabu, dhahabu yote iliyomo katika sarafu hizo ni chini ya kilo 90. Haikuwekwa ghalani, ilipigwa ili itumike, kwa kuwa fedha nyingine ilikuwa imekwisha. Serikali inayookoteza maganda ya risasi ipate senti, na inayochapa noti kwa mpira, ilikuwa na sanduku gani la kuzika kila wilaya? Mjerumani alipojisalimisha Abercorn, Novemba 1918, alikuwa anadaiwa na askari na wapagazi wake mishahara ya muda mrefu. Wapagazi ndio hunichoma moyo zaidi. Walibeba mizinga na vyakula vya pande zote mbili, wakafa kwa maelfu kwa njaa na kuhara, na leo mjukuu wa mpagazi anachimba chini ya boma akitafuta utajiri wa aliyemdhulumu babu yake. Kama Mjerumani aliacha kitu, aliacha deni.

Na aliacha makaratasi. Hiki ndicho kitu nilichokitaja mwanzoni. Kabla ya Tabora kuanguka, maofisa walizika ardhini majalada ya serikali: ardhi, kodi, mashamba, mashauri. Mwaka 1921 Waingereza waliyapata na kuyafukua. Leo yamo Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Hazina ya Mjerumani iliyozikwa Tabora ilikwisha kuchimbuliwa zaidi ya miaka mia iliyopita, na humo mna majina ya vijiji vyetu na mipaka ya mashamba yetu. Ningefurahi nione foleni ya vijana mbele ya chumba cha kuyasomea kama ninavyoiona mbele ya mwenye detekta.

Sarafu, je? Zipo. Zimelala zilikoanguka kutoka mikononi mwa watu wa kawaida: kwenye masoko ya zamani, kambi za wajenga reli, vituo vya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, mahame yaliyoachwa. Nyingi huibuliwa na jembe la mkulima msimu wa kwanza wa mvua. Hapo tapeli hutokea akisema rupia moja ni mamilioni. Si kweli. Rupia za fedha za kawaida zilitengenezwa nyingi mno, na bei yake haikaribii mamilioni hayo. Sarafu ya dhahabu ya Tabora ndiyo inayofika maelfu ya dola minadani, na kwa sababu hiyohiyo ndiyo inayoghushiwa. Kipimo rahisi cha kuanzia ni sumaku: fedha na dhahabu hazinasi, kwa hiyo rupia inayonasa ni bandia.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda kwanza vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvichimba kunataka kibali. Rupia ni changa kwa kipimo hicho, lakini mwenye detekta hajui mlio unatoka wapi mpaka achimbe. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, chini ya mchanga huohuo unaolia, mna sarafu za shaba za masultani, zenye jina la mtawala upande mmoja na sifa ya Mungu yenye vina upande wa pili. Songo Mnara wanaakiolojia walikuta fungu zima la sarafu hizo mahali pake lilipowekwa, na kwa kuwa hawakulizoa kama karanga, waliweza kulihusisha na nyumba na watu wake.

Hilo ndilo ninalomwomba mkulima wa Urambo au Uvinza atakayeibua rupia kesho. Asiisugue kwa mchanga wala ndimu, maana hung'arisha sarafu kwa kuila sura. Aandike ni shamba gani, kina gani, kilikuwepo nini pembeni: kigae, shanga, mkaa, jiwe la mafiga. Rupia ya 1890 iliyonunuliwa Kariakoo inatuambia uso wa Kaisari, ambao tunaujua. Iliyokutwa chini ya mafiga, kwenye hame lisilo na jina, inatuambia kuwa hapo paliwahi kuwa na jiko, na mwenye jiko alikuwa ameshaipata kodi yake.