Shahamu na Siha katika Nchi ya Chai

Wilson Kiprugut Chumo, mzaliwa wa Kericho, alipotwaa shaba ya mita 800 huko Tokyo mwaka 1964, nishani ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki, na kuifuatisha fedha kule Mexico mwaka 1968, haikuwa njaa iliyompa wepesi. Kwani Wakipsigis, Wakalenjin wa Kericho na wa Bomet, ni watu wa wimbi na wa mursik, maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kijinga cha moto. Bengt Saltin, mwanafiziolojia wa Uswidi, alipowachunguza wakimbiaji wa Kikalenjin katika miaka ya 1990, aliutazama, miongoni mwa mengine, wembamba wa mashavu ya miguu, maana uzito ulio karibu na kifundo cha mguu hula nguvu kila hatua. Lakini wembamba wa mkimbiaji si sura pekee ya siha; nami nasadiki kwamba mchuma chai mnene wa Kericho, apandaye mteremko na kikapu kizito mgongoni tangu alfajiri, ana siha ambayo mizani haiwezi kuikana.