Jani na Kidonge

Mama alipoambiwa ana kisukari aina ya pili, alirudi nyumbani Tukuyu akavificha vidonge vya metformini nyuma ya masufuria, akaendelea kuchemsha majani. "Dawa za dukani zinaua figo," alisema. Mwezi mmoja baadaye sukari yake ilisoma 17, na kidonda kwenye kidole cha mguu kilikuwa kimegoma kupona.

Sikugombana naye. Nilimsimulia habari ya zamani.

Huko Ulaya waganga wa mitishamba walitumia mmea uitwao galega. Wanasayansi walikuta ndani ya jamii hiyo ya kemikali uwezo wa kushusha sukari, ila mmea wenyewe ulikuwa na sumu hata kwa mifugo. Mwaka 1922, mwaka uleule mgonjwa wa kwanza alipochomwa insulini mjini Toronto, wakemia wa Dublin walitengeneza metformini, ndugu yake asiye mkali. Ikasahaulika, mpaka mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, alipotangaza matokeo yake kwa wagonjwa.

"Kumbe ni jani," mama alisema.

"Ni jani lililopimwa, mama."

Akanyamaza, kisha akauliza mbona bibi hakuugua. Nikamwambia kwamba mwaka 1989 watafiti walichapisha matokeo kutoka vijiji vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara: wenye kisukari hawakufika mtu 1 katika 100. Mwaka 2012, uchunguzi wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu 9 katika 100. Umri uliopimwa haukuwa sawa, lakini mwelekeo unaonekana. Bibi alipanda na kushuka vilima vya Rungwe na mkungu wa ndizi kichwani. Mama hupanda bodaboda, na kikombe chake cha chai kilikuwa na vijiko vitatu vya sukari.

Ndizi hatukuzikataza, nani angezikataza Rungwe? Tulizipunguza sahanini, nusu ikawa mboga za majani na maharage pembeni. Sokoni anakwenda kwa miguu. Vidonge anameza baada ya kula, na majani yake amemtajia daktari.

Kidonda kilichukua miezi mitatu kufunga. Kipimo cha mwisho kilisoma 7.

Jana amenipigia simu alfajiri. Vidonge vimebaki vinne, nisisubiri Jumatatu.