Mchwa wa Vifaranga

Kabla mifuko ya chakula cha kuku haijafika madukani hapa Mkwajuni, vifaranga walilelewa kwa mchwa. Bibi ndiye aliyenifundisha. Jioni tulijaza mabua ya mahindi na kinyesi kikavu cha ng'ombe kwenye chungu kikuukuu, tukanyunyiza maji, tukakifudikiza juu ya tundu tulilolichimba kwenye kichuguu. Usiku mchwa walipanda kula. Ilibidi tukiinue alfajiri, maana jua likishakipasha joto, wote hurudi chini. Tulipoyakung'uta mabua mbele ya tetea, vifaranga waligombea mpaka punje ya mwisho ya udongo.

Kuku hao walikuwa na soko. Machimbo ya dhahabu ya Lupa yalishavuta watu wengi miaka ya 1930, na mchimbaji mwenye njaa hakuuliza kuku kala nini.

Kisha wakaja kuku wa kisasa na chotara, pamoja na chakula cha kiwandani: pumba, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa. Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016, Mkwajuni ikiwa makao makuu ya wilaya, walaji waliongezeka. Banda la mamia ya kuku halilishwi kwa vyungu, hilo nalikubali. Ila dagaa ni ghali, na protini ya mchwa ni ya bure.

Kuku chotara nawapa chakula cha mfuko. Vifaranga wa kienyeji, wiki za mwanzo, bado nawategea mchwa.